Kitabu cha bure, maswali ya muziki na neno "kamari"



Wiki chache zilizopita, baada ya Swala ya 'Ishaa, alinijia mama mmoja na binti yake anayesoma chuo cha ualimu. Binti alikuwa na kitabu kipya mkononi, bado kimo ndani ya nailoni yake. Mchapishaji mmoja mdogo, ambaye vitabu vyake vyote nadhani haviwezi kujaza rafu moja, alitangaza chemsha bongo ya maswali kumi kuhusu muziki wa zamani wa Zanzibar. Unatuma majibu, hulipi kitu. Waliopata yote kumi majina yao yanatiwa kwenye kura, na watano wanapewa nakala moja moja. Binti huyu alikuwa mmoja wa hao watano.

Furaha yake haikudumu hata siku mbili. Ami yake alikiona kitabu, akauliza kimetoka wapi, na alipoelezwa akasema: "Hiyo ni kamari, na tena kamari ya ngoma. Kirudishe." Mama hakutaka kugombana na shemeji yake, na binti hakutaka kula haramu. Wakaja kwangu.

Nilimwambia akae na kitabu chake mpaka nitakapompa jibu lililokamilika. Na nimeona jibu lenyewe niliandike hapa, kwa sababu suali hili si la binti mmoja. Kila siku tunaletewa kwenye simu zetu mashindano ya namna hii. Lipo la kitabu, lipo la simu, lipo la pikipiki, na siku hizi lipo hata la safari ya Umra. Na watu wetu wamegawika sehemu mbili: wako wanaosema kila chenye mshindi ni kamari, na wako wasiouliza kitu ilimradi zawadi ifike. Wote wawili wamelikosea suala, kila mmoja kwa upande wake.

Tuanze na kamari yenyewe, maana neno hili tunalitumia sana na tunalielewa kidogo. Maysir iliyoharamishwa katika Suuratul Maaidah, aya ya 90 na ya 91, walioiharamishiwa walikuwa wanaijua vyema. Waarabu wa Jahiliyya walikuwa wakinunua ngamia, wakamchinja, wakamgawa mafungu, kisha wakatoa mishale yenye alama kutoka kwenye mfuko. Ambaye mshale wake umetoka na fungu, amepata. Ambaye mshale wake umetoka mtupu, hapati kitu na juu ya hilo ndiye anayelipa thamani ya ngamia. Hapo ndipo ulipo uharamu: watu wanaingia mlangoni kila mmoja ameweka mali yake hatarini, na faida ya huyu haipatikani ila kwa hasara ya yule.

Na kuna jambo jengine ambalo wafasiri wamelitaja na sisi huwa tunalipita haraka. Washindi wengi wa maysir nyama hiyo hawakuwa wakiila wao. Walikuwa wakiwapa masikini na wakijifakharisha kwa ukarimu wao. Suuratul Baqarah, aya ya 219, imekiri kuwa ndani yake mna manufaa kwa watu, na pamoja na hayo ikasema madhambi yake ni makubwa zaidi. Basi yule anayetuambia kwamba sehemu ya mapato ya droo yake itakwenda kwa mayatima, hajatuletea hoja mpya. Hoja hiyo ina umri mkubwa kuliko msikiti wowote tulionao.

Sasa mrudie binti wetu. Ameweka nini hatarini? Hakulipa ada. Hakutuma meseji ya bei ya juu. Alitumia bando lake lile lile analotumia kuzungumza na wenziwe. Hakulazimishwa kununua kitabu kimoja ili aingie kugombea chengine. Angekosa, angebaki kama alivyokuwa. Na waliokosa kweli, wamebaki kama walivyokuwa. Aliyetoa kitabu ni mwenye kitabu, kutoka kwenye mali yake, kwa sababu anataka watu wajue kuwa kipo. Hapa pana mtoaji mmoja na wapokeaji watano, na hakuna aliyepoteza. Hii si maysir, na anayeiita hivyo anaweka neno zito mahali lisipostahiki.

Atasema mwanachuoni: lakini sisi ni Mashaafi'i, na je, si imethibiti kwamba Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) aliiruhusu zawadi ya mashindano katika upigaji mishale, mbio za ngamia na mbio za farasi tu? Ndiyo. Hadithi hiyo wameipokea Abu Daawuud, At-Tirmidhiy na An-Nasaaiy. Na Imaam An-Nawawiy katika Minhaaj, mlango wa mashindano, amekataa kushindania malipo kwa kuogelea, kwa sataranji na mfano wa hayo. Anayetaka kushikamana na hapo simlaumu. Lakini maulamaa hawakusimama wote hapo. Mahanafi waliongeza mashindano katika masuala ya elimu, na Ibnul Qayyim katika kitabu chake Al-Furuusiyyah akaipa nguvu kauli ya kuruhusu zawadi katika elimu yenye manufaa, akitolea ushahidi kisa cha Abu Bakr (Radhiya Allaahu 'anhu) kuwekeana dau na Maquraysh juu ya ushindi wa Warumi.

Na hata tukiibakisha hadithi katika mambo yake matatu, tunazungumzia mkataba wa watu wanaoshindana na kudaiana. Mtu anaposema "atakayenijibu nitampa kitabu changu", jambo lake liko karibu zaidi na ju'aalah, ile ahadi ya ujira kwa atakayefanya kazi fulani, ambayo maulamaa wanaitolea dalili kisa cha kopo la mfalme katika Suurat Yuusuf: atakayelileta atapata shehena ya ngamia. Ukisema kujibu maswali si kazi ya kulipwa ujira, basi ihesabu hiba, na hiba mtoaji humpa amtakaye. Kwa vyovyote utakavyoihesabu, hutaipata kamari ndani yake.

Ami mtu aliniuliza, maana baadaye nilizungumza naye pia: "Na ile kura, Sheikh? Kura si bahati?" Ni bahati, lakini bahati peke yake haikuharamishwa. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alikuwa akitaka kusafiri akipiga kura baina ya wakeze, na aliyetokewa na kura ndiye aliyesafiri naye. Nabii Yuunus ('Alayhis Salaam) alipigiwa kura jahazini. Waliogombania kumlea Maryam walitupa kalamu zao. Kura ni njia ya kumaliza jambo baina ya watu wenye haki sawa, au wasio na haki yoyote ila kusubiri ukarimu wa mtoaji. Inageuka kuwa ubaya pale wanaopigiwa wamelipia kuingia. Binti wetu na wenziwe walikuwa sawa, wote wamepata kumi kwa kumi, na vitabu ni vitano. Ulitaka mchapishaji afanye nini? Akate kurasa awagawie?

Sasa tugeuke upande wa pili, na hapa ndipo penye moto wenyewe.

Wale wale waliomshtua binti kwa kitabu cha bure, wengi wao wana watoto na wake wanaotuma meseji za kulipia kila siku. Chukua mfano wa hesabu ya mkono tu. Watu elfu kumi wanatuma meseji moja kwa shilingi 500. Zimepatikana shilingi milioni tano. Zawadi ni pikipiki ya milioni mbili na nusu. Pikipiki imetoka wapi? Imetoka mifukoni mwa watu elfu kumi, na 9,999 kati yao wamemnunulia mtu mmoja wasiyemjua, kisha wakamwachia mwandaaji na kampuni ya simu nusu nyengine ya fedha. Huyo ndiye ngamia wa Jahiliyya, amepewa magurudumu. Mbele yake wamewekewa suali ambalo mtoto wa darasa la pili analijua: mji mkuu wa Tanzania ni upi, A au B? Suali limewekwa ili jambo lionekane kuwa la elimu.

Hili la suali la kisingizio halikuvumbuliwa kwetu. Nchini Canada sheria ya jinai inazuia zawadi zinazotolewa kwa bahati tupu, basi wafanyabiashara wakaona njia: mshindi wa droo haruhusiwi kuchukua zawadi mpaka ajibu hesabu ndogo ya kujumlisha na kuzidisha. Marekani wameliangalia kwa njia nyengine. Kwao bahati nasibu inatimia pakikutana mambo matatu, yaani zawadi, bahati na malipo ya kuingia. Ukiondoa moja, si bahati nasibu tena. Ndiyo maana matangazo yao yanaandikwa chini kwa herufi ndogo kwamba si lazima kununua kitu. Nimependa kuona kwamba watu ambao hawajafungua Minhaaj wamefika mlango ule ule wa kuuliza: nani kalipa?

Majma' ya Fiqhi ya Kimataifa ilikaa Doha mwezi wa Januari 2003, ikatoa azimio namba 127 kuhusu mashindano na kadi zake. Ndani yake imesemwa wazi kwamba kushiriki kwa simu za kulipia hakujuzu ikiwa malipo hayo, au sehemu yake, yanaingia katika thamani ya zawadi, na kwamba mwenye biashara anaweza kutoa zawadi ya kutangaza bidhaa yake ikiwa thamani ya zawadi haitoki kwa washindani na hakuna udanganyifu kwa wanunuzi. Ama zawadi inayokuja pamoja na bidhaa uliyoinunua, wamekhitalifiana. Sheikh Ibn Baaz alikataza. Sheikh Ibn 'Uthaymiyn aliruhusu kwa sharti mbili: bei ya bidhaa iwe ile ile ya sokoni bila ya nyongeza, na mnunuzi awe anaihitaji bidhaa yenyewe, asinunue kwa kuifukuzia zawadi. Sharti ya pili mtu anaijua mwenyewe moyoni mwake. Anayenunua katoni tatu za soda na nyumbani yuko peke yake, na asoge mbele ya kioo ajiulize.

Na nitasema la uchungu. Unapoingia mwezi wa Ramadhani zinachomoza chemsha bongo za dini. Maswali ya Qur-aan, ya Siyrah, ya Maswahaba. Baadhi yake ni za bure na zina kheri nyingi, Allaah awalipe wanaoziandaa. Lakini nyengine ni za meseji za kulipia, na zawadi inatokana na meseji zile zile. Msomaji wangu, kuuliza Suurat ipi haina Basmalah hakuisafishi fedha. Chemsha bongo ya muziki isiyo na ada ni safi zaidi katika muamala kuliko chemsha bongo ya Qur-aan yenye ada. Najua sentensi hiyo itawakasirisha baadhi ya wenzangu. Niliwahi kukaa katika kamati moja ya mashindano hayo, nikauliza zawadi inalipwa na nani, nikaambiwa "hilo la watu wa fedha, Sheikh, wewe tuandalie maswali". Niliandaa maswali. Ni jambo ninalolijutia mpaka leo, na mwaka uliofuata sikuitika.

Kuna upande mwengine ambao wasomaji wetu hawauulizii sana: je, mshindi yupo kweli? Tuangalie yaliyotokea Uingereza, maana kule yalichunguzwa na yakaandikwa. Mwaka 2007 ilibainika kwamba kituo cha televisheni cha GMTV, kwa muda wa miaka, kilikuwa kikipokea simu za kulipia za mashindano ilhali washindani wa mwisho wameshateuliwa kabla ya laini kufungwa. Waliopiga baada ya hapo walilipa wakiwa hawana nafasi hata moja. Msimamizi wa matangazo wa nchi hiyo, Ofcom, aliwatoza faini ya pauni milioni 2. Mwaka uliofuata ITV wakatozwa pauni milioni 5.675 kwa mambo ya aina hiyo. Hao walikuwa wanakula fedha, sababu yao inaeleweka.

La kustaajabisha zaidi ni la BBC, shirika lisilokuwa na haja ya faida. Katika kipindi chao cha watoto, Blue Peter, mwezi wa Novemba 2006 mitambo iliharibika, hawakuweza kumpata mpigaji simu. Wakamchukua mtoto aliyekuja kutembelea studio, wakampa simu ajifanye ndiye mshindi. Faini ilikuwa pauni 50,000. Mwaka 2008 wakatozwa pauni 400,000 nyengine kwa vipindi vinane, kikiwemo cha redio yao ya muziki, 6 Music, ambacho kilirekodiwa mapema kikarushwa kana kwamba kiko moja kwa moja. Wasikilizaji walikaribishwa kushindana, na waliosikika wakishinda walikuwa wafanyakazi na jamaa zao. Hakuna fedha iliyoliwa hapo. Zawadi zenyewe zilikuwa ndogo. Lakini watu walialikwa kwenye mlango ambao nyuma yake hapana chumba.

Hii ndiyo hatari inayomkabili hata mchapishaji wetu mdogo, na yeye huenda haijui. Ahadi uliyoitangaza kwa watu ni ahadi. Ukisema vitabu vitano, viwe vitano. Ukisema mwisho wa kupokea majibu ni Alkhamisi, usifunge Jumatano. Usimtie mpwa wako katika kura, na kama majibu hayakufika usizue jina la mshindi ili tangazo lipendeze. Andika pia mapema nani atabeba gharama ya kupeleka kitabu Pemba au Mtwara. Nimesikia malalamiko ya mtu aliyeambiwa ameshinda, kisha akatakiwa atume "pesa kidogo ya usafirishaji". Pengine ni kweli ilikuwa ya usafirishaji. Lakini matapeli wanatumia maneno hayo hayo, herufi kwa herufi, na mwenye duka la haki hapaswi kuzungumza kwa ulimi wao.

Kuna na malipo yasiyoitwa malipo. Shindano linakutaka namba ya simu, tarehe ya kuzaliwa, mtaa unaokaa, na uwatagi marafiki watatu. Kumtaja rafiki ni kazi ndogo, na ju'aalah haikatai kazi. Lakini namba yako ina thamani, na wako wanaokusanya namba elfu tano kwa kitabu kimoja kisha wakaziuza. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, na mchapishaji mwenye kutoa kitabu kimoja naye akumbuke kuwa namba za watu ni amana mkononi mwake. Amalizapo kumpata mshindi, zilizobaki azifute.

Limebaki la muziki, nalo nimelichelewesha kwa makusudi kwa sababu ami mtu alilitanguliza.

Khitilafu ya ala za muziki haitamalizika katika makala haya. Kauli inayotegemewa kwetu Mashaafi'i katika ala za nyuzi na zumari ni uharamu, na Ibn Hajar Al-Haytamiy ameandika kitabu kizima kuikazia. Ibn Hazm alikwenda kinyume, na Al-Ghazaaliy ana upambanuzi mrefu katika Ihyaa. Mimi nafuata kauli ya madhehebu yangu na sihudhurii. Lakini suali lililo mbele yetu si kusikiliza. Nilimwomba binti anisomee maswali yale kumi. Moja liliuliza klabu ya Ikhwani Safaa iliasisiwa mwaka gani. Jibu ni 1905. Jengine liliuliza santuri za mwanzo za Siti binti Saad mwaka 1928 zilirekodiwa mji gani. Jibu ni Bombay. Jengine: mwandishi gani ameandika wasifu wake? Shaaban Robert. Haya ni mambo ya tarehe. Ndani yake kuna habari ya mwanamke aliyezaliwa Fumba katika ufukara, kuna habari ya bandari yetu na India, kuna habari ya lugha yetu ilivyofika kwenye santuri. Kuyajua si kucheza ngoma, kama vile aliyesoma habari za masoko ya Jahiliyya hajanunua sanamu.

Lingekuwa shindano la "sikiliza kipande hiki utaje wimbo", ningesema jengine, kwa sababu hapo kusikiliza ndiyo kazi yenyewe inayolipwa. Na kama kitabu kinachotolewa kingekuwa cha maneno machafu, ningesema jengine pia. Nilikifungua kitabu cha binti huyu, kwa idhini yake, maana ile nailoni ilikuwa haijachanwa. Ni historia ya mji, ina picha za zamani, na sura mbili kuhusu mabaraza ya mashairi.

Basi jibu langu kwa binti lilikuwa hili: kitabu ni chako, ni halali, na hulazimiki kukirudisha wala kukitolea kafara. Akaniuliza kama anaweza kukipeleka maktaba ya skuli atakayofanyia mazoezi ya kufundisha, ili ami yake asikione nyumbani. Nikamwambia anaweza, ikiwa anataka kuwasomesha watoto. Ikiwa anakikimbiza kama mtu anayeficha haramu, bora akibakishe mezani sebuleni. Ami mtu nilimweleza yote haya kwa urefu zaidi kuliko nilivyoyaandika. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akanionesha kwenye simu yake meseji aliyopokea asubuhi ile, inayomwambia kuwa amebakisha pointi chache aingie katika droo kubwa ya mwezi, akaniuliza namna ya kujitoa. Tulikaa hapo barazani karibu nusu saa tukitafuta namba ya kuandika neno la kujiondoa, na tulipoipata ikamkata shilingi mia.

Wallaahu A'alam.